Blissey Hajazwi HP kwa Mazoea

Jana baada ya magharibi, barazani kwetu Mji wa Kale, kijana mmoja aliomba kuiona timu yangu ya mchezo wa Pokémon, akafungua takwimu za Blissey, kiumbe abebaye yai, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu yake. Kosa langu ni kwamba sikumpa Blissey hata EV moja (pointi ya mafunzo) ya HP, yaani uhai. "Ami, huyu si yai viza tu?" akaniuliza, na waliokuwapo wakaitikia kana kwamba wanaitikia dua.

Desturi hii ya kujaza HP kwanza, kwa kila Pokémon, bila kutazama ni nani anayejazwa, ni uvivu uliovishwa joho la busara. Katika leveli ya 50, akiwa na IV (vipaji vya kuzaliwa) 31 kamili na tabia isiyogusa ulinzi, Blissey tayari ana HP 330, ilhali ulinzi wake ni 30. Ukimpa EV 252 za HP, anafika 362. Ukimpa hizo hizo za ulinzi, anafika 62. Pande zote mbili umelipwa pointi 32, lakini 32 juu ya 330 haifiki hata sehemu moja ya kumi, ilhali 32 juu ya 30 ni zaidi ya maradufu, na kila pigo la mwili hugawanywa kwa ulinzi huo. Ni nyumba yenye kuta za mawe ya matumbawe na mlango wa makuti, na fundi aliyeitwa kuiimarisha anapiga plasta ukuta!

Kwa hiyo wangu nimempa 252 za ulinzi, 252 za ulinzi maalumu (ule wa mapigo yasiyo ya mwili), na 4 zilizosalia nikazitupia kasi.

Wapo watakaosema kuwa Soft-Boiled, yai lake la tiba, hurudisha nusu ya HP, hivyo HP ikiwa kubwa na tiba huwa kubwa. Ni kweli: atarudishiwa 181 badala ya 165. Hongereni kwa hizo 16.

Nakiri pia, shingo upande, kwamba Incineroar, Pokémon mwingine, ni jambo jingine. Yeye ana HP 170 na ulinzi 110 kwa kila upande, na kwa kuwa HP humkinga pande zote mbili kwa bei moja, ni haki aanze nayo maadamu haijafikia jumla ya ulinzi wake wote, yaani 220. Hesabu ni hiyo hiyo. Jibu ndilo lililobadilika, na ndiyo maana nasema watu wahesabu.

Kijana hakutaka hesabu, alitaka pambano. Blissey wake alikuwa amelishwa HP Up 26, dawa za kuongeza EV za HP, kwa fedha za mchezo 10,000 kila moja, na EV zake nyingine zote zilikuwa za ulinzi maalumu. Tulimtumia Pokémon mmoja, Garchomp, mwenye EV 252 za shambulizi, ampige kila Blissey kwa Earthquake, pigo la mwili. Kwa ulinzi wa 30, pigo hilo huondoa HP kati ya 340 na 402; kwa ulinzi wa 62, kati ya 166 na 196. Wake alianguka kwa pigo la kwanza. Wangu aliyumba, akala yai lake, akasimama.

Baraza lilikaa kimya kidogo. Kijana akaagiza kikombe kingine, akainamia skrini, akaanza kutafuta matunda ya Pomeg, yale yanayopunguza EV za HP.