Mbwa akilia usiku, toka ukamtazame

Nina neno na wenzangu tunaofuga mbwa huku Nyanda za Juu Kusini. Mbwa akilia usiku, wengi tunamfokea kupitia dirishani au tunamrushia jiwe. Wengine wanajifunika blanketi wakisema ni uchuro, kuna mtu atakufa mtaani. Mbwa analia kwa sababu kuna kitu kinamsumbua, na mara nyingi kitu hicho tumekisababisha sisi.

Chukua Juni na Julai. Uyole, Makete, Njombe au Mufindi, mtu analala na mablanketi mawili na bado anajikunja. Mbwa yuko kwenye banda la bati, juu ya saruji tupu, na usiku wa manane anaanza ule mlio mwembamba unaokatikakatika. Saruji inamnyonya joto la mwili, hasa akiwa mdogo au mwenye manyoya mafupi. Weka mabanzi machache ya kumwinua kutoka sakafuni, juu yake maranda makavu ya kwa seremala, na gunia mlangoni kuzuia upepo. Maranda yakilowa yabadilishe, la sivyo umemwongezea baridi.

Ila kinachoniuma zaidi ni mnyororo. Tunaamini mbwa akifungwa kutwa bila kuona mtu ndipo anakuwa mkali. Mzee mmoja jirani, ninayemheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, mbwa akizoea watu, mwizi ataingia." Nikamjibu, "Mzee wangu, mbwa analinda kwa sababu anaijua nyumba yake na watu wake." Tukaenda pamoja kumtazama mbwa wake, aliyekuwa akilia tangu asubuhi. Alikuwa ameuzungukia mti mpaka mnyororo ukabaki kama hatua moja, na sufuria ya maji imepinduka mahali asipofikia. Mzee alipopanua manyoya ya shingoni, ngozi ilikuwa imechubuka duara zima, mbichi, nzi wameshatua. Hakusema neno. Alimfungua, akaenda kutafuta maji ya chumvi.

Mbwa ni mnyama wa kundi, na kundi lake ni sisi. Kumtenga kutwa kucha ni kumtesa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Mwache huru ndani ya uzio, mtembeze jioni, kaa naye kidogo. Kilio kingi kitakwisha hapo.

Watoto wa mbwa nao tunawaonea. Wanapaswa kukaa na mama yao walau wiki 8, sisi tunawachukua wakiwa na mwezi mmoja, kisha tunalalamika hawatulii usiku. Mlaze kwenye boksi karibu na watu siku za mwanzo, pamoja na kitambaa chenye harufu ya mama yake.

Najua wapo watakaosema anadeka. Ni kweli, wapo wanaodeka, na ukimpelekea ugali kila akilia, umemfundisha kulia. Huyo msubiri anyamaze kidogo, ndipo umwendee. Lakini huwezi kujua kama anadeka kabla hujahakikisha ana maji, ameshiba, ana joto na haumwi popote.

Maumivu yana dalili zake. Mbwa aliyekuwa mtulivu anaanza kulia ghafla, anagoma kula, analamba sehemu moja tu, au anajikunja ukimgusa. Tazama katikati ya vidole kama kuna funza, tazama masikio kama yana kupe. Tumbo likivimba na kuwa gumu huku anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje asubuhi, mtafute daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Na tafadhali, usimpe dawa zetu za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni. Zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Kuna mlio mmoja tu ambao sitaki uusogelee: sauti iliyobadilika na kukwaruza, udenda unatiririka, anashindwa kumeza, anayumba au anang'ata ovyo. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Ondoa watoto, mwite afisa mifugo wa kata. Akiwa amemng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachomwe chanjo.