Hasara Peke Yake Si Kesi

Riziki mafungu saba, tunaambiana, mpaka siku fungu lenyewe linapohamia kwa mshindani. Hapo kila mfanyabiashara anageuka wakili: kanichukulia mteja, kaniharibia bei, nampeleka mahakamani. Nami huuliza: kakuchukulia vipi? Maana sheria ya madai, hasa ile iliyochimbuka Uingereza, haimbani mtu kwa kukutia hasara tu. Ushindani wote ni kutiana hasara. Inatazama njia aliyopita.

Kesi ninayoirudia mara kwa mara ni ya miaka ya 1790. Meli za Kiingereza zilikuwa zimetia nanga pwani ya Afrika, karibu na Kamerun. Mtumbwi wa wenyeji ukawa unaifuata meli moja kufanya biashara, nahodha wa meli nyingine akaufyatulia mzinga. Mtu mmoja akafa, wengine wakaogopa kurudi. Wenye meli iliyokosa wateja walidai fidia wakashinda, ingawa wao hawakuguswa hata kamba: aliyepigwa ni mteja, aliyeumia mfukoni ni muuzaji. (Na kilichozungumzwa kortini ni biashara iliyopotea, si marehemu.)

Mzinga kila mtu anausikia. Kazi ipo pale mchanga unapotiwa kwenye kitumbua chako kimyakimya. Mwaka 1852 Johanna Wagner, mwimbaji wa opera, alikuwa na mkataba wa kuimba katika jumba la Benjamin Lumley jijini London, na si kwingine. Frederick Gye, mwenye jumba shindani, akamwahidi donge nono zaidi ili auache mkataba huo akaimbe kwake. Mwaka uliofuata mahakama ikatamka kwamba Lumley anaweza kumdai Gye, japo Gye hakuwa sehemu ya mkataba ule. Wanafunzi wa sheria hukariri mpaka hapo wakafunga daftari. Lakini ushahidi uliposikilizwa, Gye ndiye aliyeshinda: alionekana aliamini kwa dhati kwamba mkataba haumfungi mwimbaji.

Wapo wanaoona huo ni upenyo wa wajanja. Mimi naona ni haki. Mwaka 2007, katika kesi ya OBG na Allan, Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilikaza uzi huohuo: lazima mdaiwa awe alijua kwamba anachochea uvunjaji wa mkataba, uzembe wa kutojua hautoshi. Ila aliyefumba macho kusudi asione huhesabiwa ameona. Ndiyo maana barua fupi kwa mshindani, ikimjulisha kwamba fulani amefungwa na mkataba wako hadi tarehe fulani, ina faida kuliko vitisho kumi vya simu. Akishaipokea, "sikujua" haimsaidii tena.

Ninapokwama ni kwenye kesi ya Mogul, 1891. Wenye meli za chai kutoka China waliungana, wakashusha nauli hadi ikawa hailipi, wakawapa punguzo wateja waliosafirisha na kundi lao tu. Kampuni ya Mogul, iliyoachwa nje, ilidai ikashindwa: hakuna aliyetishwa, aliyedanganywa wala aliyeshawishiwa kuvunja mkataba. Kwa kipimo cha njia, majaji walikuwa sahihi. Nguvu ya kundi zima sokoni haipimiki kwa kipimo hicho. Inataka sheria za ushindani na tume ya kuzisimamia. Uingereza ya wakati ule haikuwa na tume ya namna hiyo, na Mogul hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.