Siku moja Ocean Road, ishirini Newala: daktari wa karibu ana kazi gani kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo?

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akishafanyiwa upasuaji, na ikaonekana ugonjwa umefika kwenye tezi, mara nyingi huanzishiwa dawa zinazozunguka kila baada ya siku 21. Siku ya kwanza anawekewa dripu ya oksaliplatini. Kisha anameza vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, anapumzika siku 7, halafu anaanza tena. Wengine hupangiwa mizunguko 4, wengine 8. Sasa mchukue mtu wa Newala, mkoani Mtwara, anayetibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Katika kila wiki tatu bingwa anamwona siku moja, labda mbili. Siku zote zilizobaki yuko kwake, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwa aliyemwandikia dawa, na mtu wa afya aliye karibu naye ni tabibu wa kituo cha afya au daktari wa hospitali ya wilaya.

Uingereza kila raia anaweza kujiandikisha kwa daktari wa familia, na taarifa zake za hospitali kubwa hurudishwa huko. Sisi hatuna mpango huo. Tuna tabibu ambaye mtaa mzima unamwita daktari, na anayejua nani ana presha na nani kaacha dawa. Je, huyu aingie kwenye matibabu ya saratani, au akae pembeni?

Wapo wanaosema akae pembeni, na hoja yao si dharau. Mgonjwa wa utumbo huwa amepoteza damu kwa miezi. Anafika kituoni amepauka, anachoka hata kupanda ngazi mbili. Tabibu mwenye nia njema anampa FEFO, vidonge vilevile vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito. Ndani ya FEFO, pamoja na madini ya chuma, kuna asidi ya foliki, na asidi ya foliki huongeza ukali wa kapesitabini mwilini. Dawa ya kumsaidia inageuka ya kumuumiza, na hakuna aliyekosea kwa mujibu wa alichofundishwa. Au mgonjwa anaanza kuharisha. Huku kwetu kuharisha ni amiba mpaka ithibitike vinginevyo, basi anaandikiwa Flagyl na kuambiwa anywe maji mengi, huku kila asubuhi na jioni akiendelea kumeza vidonge vinavyomharisha. Alichohitaji kwanza ni mtu wa kumwambia: simamisha vidonge leo, tupige simu Dar. Kama upasuaji ulimwachia mfuko wa choo tumboni, hasa ule unaotoka kwenye utumbo mwembamba, maji yanamwisha haraka zaidi.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini wanaoitoa wanasahau homa.

Katika wiki ya kwanza na ya pili baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zinaweza kushuka sana. Homa ya nyuzi 38 katika kipindi hicho ni dharura. Anatakiwa achomwe antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja, kabla hata majibu yote ya maabara hayajatoka. Mtwara na Lindi malaria ipo, kwa hiyo mwenye homa anapimwa malaria, na ndivyo inavyopasa. Hatari iko kwenye hatua inayofuata: kipimo kinasoma chanya, anapewa mseto, anarudishwa nyumbani. Mtu anaweza kuwa na malaria na maambukizi ya damu kwa pamoja, na mseto hauna kazi kwa hayo ya pili. Kumwambia mgonjwa huyu apande basi aende kwa bingwa wake ni kumwambia asafiri siku nzima na dharura ya saa moja. Hapo ni pale ambapo barabara inapitika. Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, Kilwa, hata mwenye nauli mkononi hakuwa na pa kupita.

Kwa hiyo daktari wa karibu ataingia kwenye matibabu haya, tupende tusipende. Ataamshwa usiku. Hoja iliyobaki ni kama ataingia akiwa anajua au akiwa anabahatisha.

Kuna mambo anayajua yeye tu. Kapesitabini huwafanya baadhi ya wagonjwa viganja na nyayo viwe vyekundu, viume, vichubuke. Bingwa atamwambia mama ajiepushe na kazi za kuumiza mikono. Tabibu wa Tandahimba anajua kazi yenyewe: anabangua korosho, na mafuta ya ganda la korosho yanababua hata ngozi nzima. Anajua pia kwamba mizizi aliyoletewa na shemeji inachemshwa kila jioni, jambo ambalo mgonjwa hakulitaja Dar kwa kuogopa kugombezwa. Na anajua fedha ya familia inaingia lini. Wakulima wengi hapa hulipwa baada ya minada ya korosho kuanzia Oktoba. Mzunguko wa dawa unaoangukia Agosti unahitaji kupangiwa nauli mapema, la sivyo mgonjwa ataukosa na kusema alikuwa na mafua.

Halafu kuna habari yenyewe ya ugonjwa. Huku ni kawaida watoto kumvuta daktari pembeni: "Shikamoo daktari. Tunaomba usimwambie baba ni kansa, mwambie ni vidonda vya tumbo." Kule Dar maneno yalishasemwa kwa haraka, pengine kwa mtoto wa kiume aliyemsindikiza. Daktari wa wilaya ndiye anayebaki kumtazama mzee usoni wiki baada ya wiki. Wanaotaka akae kimya wanasema familia ndiyo inayojua mioyo ya watu wake. Siwabezi. Ila mzee asiyejua anachotibiwa hatajua kwa nini homa ni jambo la kukimbilia hospitali, na ataivumilia kiume mpaka asubuhi. Kwa mgonjwa wa tibakemia, yaani dawa hizi za saratani, kufichwa huko kunaweza kuua. Hapo mimi nasimama na daktari anayemwomba mzee ruhusa ya kumweleza, kidogo kidogo, watoto wakiwepo.

Kundi la pili linataka kila kitu kishushwe: dripu, vipimo, maamuzi ya dozi. Wanasema tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, kuna Ligula, kuna Sokoine Lindi, kuna Ndanda na Nyangao za misheni. Sawa, lakini kupunguza au kuongeza dozi ya oksaliplatini kwa mtu ambaye vidole vimeanza ganzi si uamuzi wa kumwachia anayemwona mgonjwa wa namna hiyo mara moja kwa mwaka. Na mwenye saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo akihitaji mionzi atakaa Dar tu. Humo daktari wa Masasi hana kazi, asitafutiwe.

Ninachokitetea ni kidogo kuliko kinachoombwa na hawa wa pili, na kikubwa kuliko wanachokubali wale wa kwanza. Rufaa yetu imezoea kupanda. Barua inayoshuka ni adimu. Mgonjwa anarudi na karatasi ya kuruhusiwa iliyojaa vifupisho. Apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili: jina la dawa, tarehe ya dripu, siku ambazo homa ni dharura, antibiotiki ipi ianze, FEFO isitolewe bila kuuliza, kuharisha kukizidi vidonge visimamishwe, na namba ya simu inayopokelewa hata Jumapili usiku. Ukurasa huo ukae na mgonjwa mwenyewe, kwa sababu watumishi huhamishwa. Daktari aliyemzoea mama wa Nachingwea anaweza kuamkia Liwale mwezi ujao, na anayekuja hana historia. Wanaomtegemea sana daktari wa karibu huwa hawautaji udhaifu huu.

Mizunguko ya dawa ikikamilika, hesabu inabadilika. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwagawa wagonjwa waliopasuliwa saratani ya utumbo mpana: wengine wafuatiliwe na daktari wa familia, wengine na daktari wa upasuaji. Hawakuona tofauti ya maana katika hali ya maisha, kugundua ugonjwa uliorudi, wala vifo. Madaktari wale wa familia walikuwa na maabara na miongozo ya kufuata, kwa hiyo sitasema matokeo hayo yahamie Ruangwa kama yalivyo. Lakini kupima uzito, kushika tumbo, kuuliza kama damu imeonekana tena chooni na kuchukua damu ya kipimo cha CEA, kinachosaidia kuonyesha kama saratani imerudi, ni kazi inayowezekana mkoani, sampuli ikasafirishwa panapobidi. Safari ya Dar ibaki kwa kipimo cha kamera ya utumbo na picha za CT, na ipangwe baada ya mnada wa kwanza wa korosho, si kabla.