Kituo cha taka Dar kichorwe kwa mwokota makopo

Tangu nihamie Hamburg, ndugu zangu wa Dar huniuliza ni lini manispaa zetu zitapata mitambo ya kuchambua taka kama ya Wajerumani. Mimi naona mtambo ndio uwe wa mwisho kununuliwa.

Huku uchambuzi huanzia jikoni. Karatasi zina pipa lake, mabaki ya chakula lake, plastiki na makopo lake. Pipa la taka za mchanganyiko ndilo lenye ada kubwa, kwa hiyo anayechambua anaokoa pesa yake mwenyewe. Samani, vyuma na majokofu mabovu unavipeleka kwenye vituo vya shirika la usafi la jiji, Stadtreinigung Hamburg. Vipo 12. Unaingia na gari, unaonyeshwa kontena, unashusha, unaondoka. Kilicho kizima huuzwa katika duka lao la mitumba, Stilbruch. Mchoro mzima unamfikiria mtu mwenye gari, ambaye taka zake zimeshachambuliwa.

Dar anayechambua ni mwokota makopo. Kituo kikichorwa kwa ajili ya malori tu, yeye anabaki nje ya geti, na chupa zinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi zikiwa zimelowana na maganda. Ningepewa mimi kuchora, ningeanza na njia ya guta na ya mtu mwenye kiroba begani. Pale mlangoni mizani inayosomeka na muuzaji na mnunuzi, malipo papo hapo, maji ya kunawa, choo. Na wawemo wanawake wanaookota kwenye kamati ya kupanga bei, maana hao ndio wanaopunjwa zaidi. Kisha sakafu ya zege yenye mteremko na mfereji wa kukusanya maji machafu, na paa pana, kwa sababu masika yakiingia karatasi iliyolowa haina mnunuzi. Mkanda wa kuchambulia utafuata, mzigo ukishakuwepo.

Tena zaidi ya nusu ya taka zetu ni za kuoza. Dar na Hamburg zina urafiki rasmi tangu 2010, na kutokana nao Kinondoni ilipata kiwanda cha mboji cha Mabwepande kwa msaada wa Ujerumani, chenye uwezo wa tani 50 za taka za masokoni kwa siku. Nakisifu kwa dhati kwa kuwa hakikuiga. Huku, kwenye kiwanda cha Bützberg, mabaki hufungiwa kwanza pasipo hewa yatoe gesi. Mabwepande wanayalaza matuta na kuyageuza, na joto la ndani linaua vijidudu na mbegu za magugu. Ni kazi inayohitaji mikono, na mikono tunayo.

Kukiwa na fedha za kupanua, nisingeongeza ukubwa wa Mabwepande. Ningejenga viwanja vidogo vya mboji karibu na masoko, ili lori lisichome dizeli kwenye foleni likisafirisha maji ya matikiti. Na halmashauri yenyewe iwe mteja wa kwanza wa mboji hiyo, kwa bustani zake na miti ya barabarani, na ununuzi huo uandikwe kwenye bajeti kabla ya kutangaza zabuni ya mtambo wowote.