Ujuzi wa uchumi wa mzunguko Kigoma: tuanze na fundi au na darasa?

Uchumi wa mzunguko, yaani kukarabati vitu na kuvirudisha kazini badala ya kuvitupa, una watetezi wengi nchini Tanzania sasa. Ubishi uliobaki ni wa namna ya kuwapa watu elimu na ujuzi wake. Wako wanaotaka tuanze na darasa: mitaala, kampeni za uhamasishaji, kozi na vyeti. Wako wanaosema ujuzi umejaa mitaani, kinachokosekana ni mtaji na kutambuliwa. Kwa Kigoma, mkoa ulio kando ya Ziwa Tanganyika, naona upande huu wa pili una nguvu kuliko unavyopewa. Ila una kasoro moja ambayo hatuwezi kuifumbia macho, nayo iko kwenye betri.

Nenda kwenye mashine ndogo ya kukamua mawese, Ujiji au Mwandiga, uangalie kinachotupwa. Chikichi zinachemshwa kwenye pipa, zinapondwa, zinakamuliwa. Makapi hayaendi jalalani. Yanakaushwa na kurudi chini ya pipa kuwa kuni za mchemsho unaofuata. Kokwa zinaanikwa na kupasuliwa, na kiini chake, mise, kinauzwa kikakamuliwe mafuta ya sabuni. Magamba nayo yanachomwa. Akina mama wanaofanya kazi hii hawakufundishwa na mradi wowote, na mtaalamu anayekuja kuwaelimisha kuhusu taka afike akiwa tayari kuuliza maswali kabla ya kufungua daftari lake. Kinachobaki bila mwenyewe ni maji ya mchemsho yenye tope na mafuta, yanayomwagwa pembeni na kuteremka na mvua hadi kijitoni. Hapo ndipo mkufunzi angekuwa na jambo jipya la kuwaambia.

Anayedhani ukarabati ni kazi duni aikumbuke MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kuja kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza vilipowazidi, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya. Bila grisi ile wangeibua chuma chakavu.

Kuna pia hesabu ya umbali, ambayo watu wa kampeni huiruka. Reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Chupa tupu ya plastiki ni nyepesi na inauzwa kwa kilo. Gharama ya kuifikisha viwanda vya pwani inaweza kumeza faida yote. Kumfundisha kijana wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, kuchambua plastiki wakati hana mnunuzi wa karibu ni kumpotezea muda. Kwa mkoa ulio mbali hivi, ujuzi wenye tija ni wa kukarabati na wa kutumia mabaki ya shamba na ziwa hapa hapa.

Sasa upande wa darasa, na hapa hoja yao ni nzito. Wavuvi wengi wa dagaa wameachana na karabai. Wanavua kwa taa za umeme zinazotumia betri na sola. Ni maendeleo. Lakini betri ya asidi ikichoka, risasi iliyomo ndani, ile metali nzito yenye sumu, ina bei, na mtu mwenye nyundo na sufuria kuukuu anaweza kuiyeyusha uani kwake. Mikono yake inaweza kuwa hodari kuliko ya mhitimu yeyote, na bado moshi na vumbi lile vinaharibu ubongo wa mtoto anayecheza pembeni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, Kenya, wakazi walipata sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Kile kilikuwa kiwanda kabisa, si ua wa mtu.

Hatari hii haionekani kwa macho wala haifundishwi na uzoefu, kwa sababu madhara yanakuja polepole. Lazima mtu aambiwe. Na Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, lenye mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga. Kinachoingia humo kinakaa vizazi na vizazi.

Hata hivyo, kuambiwa peke yake hakutoshi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, watu walibadilika haraka kwa sababu kulikuwa na sheria na mfuko mbadala dukani. Vifungashio vyepesi vilipoanza kutumika kama mifuko, Serikali ililazimika kukemea tena mwaka 2021. Elimu haikuwa imepungua; mwanya ulikuwa umeachwa.

Kwa hiyo fedha ya mafunzo ningeipeleka kwanza kwa fundi aliyeko kazini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa, anafundishwa pale anapopungukiwa, anapewa cheti. Kikwazo ni muda, kwa kuwa siku bila kazi ni siku bila ugali. Huku dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Mafunzo ya betri na sola yapangwe siku hizo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, na kipindi kama hicho kinatosha kozi nzima. Shule zina nafasi yake kupitia mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, ulioanza mwaka huo huo, lakini matunda yake tutayasubiri.

Kabla ya yote, wauza betri wa Kigoma wapewe sharti la kupunguza bei kwa anayerudisha betri kuukuu ikiwa nzima, na betri hizo zisafirishwe kwa pamoja. Zenyewe ni nzito na zina thamani, tofauti na chupa. Mafunzo yafuate hapo, maana fundi tuliyemkataza kuipasua atauliza aiuze wapi.