Hisa za mkopo haziwezi kusubiri

Mkenya akikuambia hisa ni wizi, mara nyingi hachelewi kutaja Safaricom na mwaka 2008. Watu waliumia kweli, na uchungu huo naueleza kwa heshima. Ila naona lawama imeangukia soko la hisa peke yake, wakati jambo lililowaumiza wengi lilianza kabla hawajafika sokoni.

Tukumbuke ilivyokuwa. Serikali iliuza robo ya kampuni: hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Aliyetaka kuingia ilibidi aombe angalau hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Foleni zilijaa kwenye benki na kwa madalali, miezi michache tu baada ya machafuko ya uchaguzi. Walioomba wakazidi hisa zilizokuwepo kwa mbali, kwa hiyo wengi walipata sehemu ndogo ya walichotaka na pesa zilizosalia wakarudishiwa. Na wengi walikuwa wamekopa. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: nunua kwa 5, bei ipande, uza, lipa benki, faida iwe yako.

Hisa zilianza kuuzwa na kununuliwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni. Bei ikapita 7, kisha ikaanza kuteremka, na kufikia mapema 2009 ilikuwa chini ya 3.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Chukua watu wawili wenye hisa ileile, waliyoinunua siku moja kwa bei moja. Mmoja amekopa, mwingine ameweka akiba ambayo hana haja nayo karibuni. Bei iko chini ya 3. Wa kwanza anadaiwa mwisho wa mwezi, riba haijali kama soko limelala, basi anauza kwa hasara na bado anabaki na deni. Wa pili anakereka, pengine anajuta, lakini hakuna anayemgongea mlango. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Mwaka 2023 ikaanguka tena chini ya 15, na bado mwaka huo gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa: mwenye hisa 2,000 alipata 2,400 kabla ya kodi, kwa hisa alizozinunua 10,000. Kweli, shilingi ya 2008 ilinunua vitu vingi kuliko ya leo. Hata hivyo yule wa pili alikuwa na kitu mkononi, na wa kwanza alikuwa ametoka zamani.

Sisemi ukinunua hisa uzisahau. Waulize walioshikilia Mumias. Kampuni ile ya sukari ilikuwa fahari ya magharibi mwa Kenya, na mwaka 2019 hisa zake zikasimamishwa kuuzwa, wenye hisa wakabaki na karatasi. Ndiyo maana sipendi kuona akiba yote ya mtu imelala kwenye kampuni moja, hata iwe nzuri namna gani. Ripoti ya mwaka ya kampuni isomwe. Deni likizidi kukua na faida kuyeyuka mwaka baada ya mwaka, kuondoka mapema si woga.

Ninachoshikilia ni kwamba kila pesa ina wakati wake. Karo ya Januari, kodi ya nyumba na pesa za hospitali zikae SACCO au mahali pengine unapoweza kuzichukua haraka. Pesa za miaka mitano na zaidi ndizo zinazoweza kuvumilia hisa, au bondi za serikali, yaani pesa unazoikopesha serikali, ambazo Benki Kuu huuza kuanzia shilingi 50,000 na kulipa riba kila baada ya miezi sita. Ploti ya mkopo naiweka kundi moja na hisa za mkopo, ingawa najua wengi watanibishia: ukibanwa, ardhi haiuziki kwa wiki moja, na mnunuzi akijua umebanwa atakupa bei anayotaka yeye.

Kwa hiyo ukifika kwa dalali naye akakuuliza unataka hisa zipi, mwambie kwanza pesa hizo utazihitaji mwaka gani. Asipotaka kusikia hilo, nenda kwa mwingine. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina orodha ya wenye leseni.