Nyumba moja, kaka nyuma, dada mbele: elimu ya Wamarekani Weusi

Katika kila shahada tatu za kwanza wanazotunukiwa wanafunzi Weusi wa Marekani, karibu mbili huchukuliwa na wanawake. Wapo wanaoshangilia, na wapo wenye jibu la haraka kuhusu wanaume waliobaki: uvivu, malezi mabaya, baba asiyekuwepo.

Pengo lenyewe ni la zamani. Enzi za ubaguzi kule Kusini mwa Marekani, wazazi wengi waliona heri binti asome awe mwalimu kuliko aende kupika na kufua kwenye nyumba za Wazungu, ambako heshima yake haikuwa salama. Mvulana alihitajika shambani. Sera za juzi hazikulizaa.

Hiyo hoja ya malezi ndiyo inayonikera. Mwaka 2018 wachumi Raj Chetty na Nathaniel Hendren, pamoja na watafiti wa Ofisi ya Sensa, walichapisha utafiti uliofuatilia mamilioni ya watoto hadi utu uzima. Wasichana Weusi waliokulia katika familia zenye kipato sawa na cha familia za Wazungu walikuja kupata mapato yanayokaribiana kabisa na ya wasichana wa Kizungu. Wavulana Weusi waliachwa mbali na wavulana wenzao wa Kizungu, na hali ilikuwa hivyo katika asilimia 99 ya mitaa ya nchi nzima, ya matajiri na ya maskini. Sasa, mama ni yuleyule, chungu ni kilekile, mtaa ni uleule. Kama ugonjwa ni malezi, dada mtu alipona vipi? Utasema mvulana huumizwa zaidi na kukosa baba. Basi utafiti huohuo ulikuta kwamba wavulana hao hufanya vizuri zaidi palipo na akina baba Weusi wengi mtaani, hata kama baba yao wenyewe hayupo. Kwa hiyo tutazame nje ya mlango wa nyumba.

Nje ya mlango kuna shule. Mwaka wa masomo 2015/16 wavulana Weusi walikuwa asilimia 8 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini asilimia 25 ya waliosimamishwa masomo. Mtoto aliyezoea kurudishwa nyumbani hafundishwi siku hizo, na kosa lake linaandikwa kwenye faili litakalomtangulia darasa lijalo. Mbele yake, walimu wanaume Weusi hawafiki asilimia 2 ya walimu wote.

Wa upande wa pili, wanaosema wasichana wanasahauliwa, wana hoja nzito. Barack Obama alipoanzisha mpango wa My Brother's Keeper kwa ajili ya wavulana mwaka 2014, zaidi ya wanawake elfu moja walimwandikia barua ya wazi wakiuliza kwa nini wasichana wameachwa. Wasichana nao walisimamishwa masomo kupita idadi yao: mwaka huohuo wa 2015/16 wasichana Weusi walikuwa asilimia 8 ya wanafunzi, asilimia 14 ya waliosimamishwa. Mwanamke Mweusi mwenye shahada hulipwa chini ya mwanamume Mweusi mwenye shahada, huku akibeba deni zito la masomo. Kumwita mshindi ni dhihaka.

Nakubali yote hayo, ila sioni yanavyofuta ya kaka yake. Dhuluma ya mshahara na dhuluma ya kufukuzwa darasani hazitibiwi kwa dawa moja. Ninachowapinga watetezi wa wavulana ni kuchelewa kwao: fedha nyingi hutafuta vijana kwenye lango la chuo, wakati wengi walishapotea zamani. Utafiti uliofanywa North Carolina na Tennessee, ukatolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mvulana Mweusi wa familia maskini sana, akifundishwa na mwalimu Mweusi walau mmoja kati ya darasa la tatu na la tano, uwezekano wa kuacha shule hupungua kwa asilimia 39. Na katika madarasa hayohayo, hamu ya kwenda chuo iliongezeka kwa wasichana pia.